Kimondo cha Mbozi na Safari za Anga Tupu

Kiswahili kina neno moja kwa mwale upitao angani usiku na kwa kile kibakiacho ardhini baada ya mwale kuzimika: kimondo. Kwa watu wa pwani na visiwani kimondo ni jambo la kupita. Mtu hukiona, hutaja jina la Mola wake, na kabla hajamaliza kulitaja kimekwisha toweka. Lakini katika kijiji cha Ndolezi, wilayani Mbozi, mkoani Songwe, kimondo kimekaa. Kipo kwenye mteremko wa kilima cha Marengi, bonge la chuma lenye urefu wa mita 3 hivi na kimo cha mita 1, ambalo uzito wake hukadiriwa leo kuwa tani 16, ingawa makadirio ya zamani yalifika hata tani 25. Barabara kuu iendayo Tunduma na mpaka wa Zambia haipiti mbali na hapo, na malori yenye shehena za shaba na mafuta hupishana usiku na mchana bila ya kusimama.

Anayesimama akaenda kulitazama aweza kurejea na mojawapo ya hukumu mbili. Ya kwanza husema: ni jiwe tu, halisemi, halifanyi lolote, na safari imepotea bure. Ya pili husema: ni kipande cha ulimwengu mwengine, na mkono wa binadamu umeruhusiwa kukigusa. Kitu kilichotazamwa ni kimoja. Tofauti imo katika kile ambacho mtazamaji alikuja nacho, na tofauti hiyo ndiyo kadhia ya makala haya. Kwani imejitokeza tena na tena, katika mambo ambayo kwa nje hayafanani hata kidogo: katika mapipa ya mafuta ya Lusaka, katika michezo ya kompyuta ya Uingereza, na katika ushairi wa Kiswahili wenyewe.

Vitabu huandika kwamba kimondo cha Mbozi kiligunduliwa mwaka 1930 na mpima ardhi aitwaye W. H. Nott. Neno "kugundua" hapa lataka kupimwa. Wenyeji wa Mbozi, Wanyiha, walikuwa wakilijua jiwe hilo kabla mpima ardhi hajazaliwa. Alichokifanya Nott ni kulitia katika ramani na katika barua, na kwa hivyo kuwajulisha watu wa mbali jambo ambalo watu wa karibu walikuwa nalo. Mwezi wa Disemba mwaka huo huo, D. R. Grantham wa Idara ya Jiolojia alikuja kukata sampuli. Kwa msumeno wa chuma, kipande cha sentimita 10 kilimchukua saa 10. Baadaye ardhi ilichimbwa kulizunguka jiwe zima, ikaachwa nguzo ya udongo chini yake, na nguzo hiyo ikageuzwa kuwa jukwaa. Kwa hivyo kimondo hakikunyanyuliwa, bali dunia iliyokizunguka ndiyo iliyoshushwa. Mwaka 1967 serikali ilikitangaza kuwa kumbukumbu ya kuhifadhiwa.

Kuna mambo mawili kuhusu jiwe hilo yanayostahili kuzingatiwa na mpenzi wa fasihi. La kwanza ni kwamba shimo lililochimbwa na anguko lake halionekani tena. Mvua na wakati vimelifuta, na hakuna ngano mashuhuri ya wenyeji inayosimulia siku ya kuanguka. Kwa sababu hiyo wataalamu husema kilianguka maelfu ya miaka iliyopita. La pili ni la kikemia. Asilimia 90 hivi ya jiwe ni chuma, na karibu asilimia 9 ni nikeli, pamoja na chembe za shaba, fosforasi na salfa. Wataalamu wamevigawa vimondo vya chuma katika koo mbalimbali kwa kulinganisha viungo vyake, na kimondo cha Mbozi kimo miongoni mwa vile visivyoingia katika ukoo wowote. Hakina simulizi la kufika kwake, wala hakina ukoo. Ni nadra kukuta kitu kikubwa namna hiyo chenye maelezo machache namna hiyo.

Ng'ambo ya Tunduma ni Zambia, na huko, mwaka 1964, safari ya angani ilipangwa kwa vifaa vichache kuliko vyote vilivyowahi kutumiwa kwa kazi hiyo. Edward Makuka Nkoloso, mwalimu, askari wa zamani wa Vita Vikuu vya Pili na mpigania uhuru aliyekuwa amewahi kufungwa na wakoloni, aliunda taasisi aliyoiita Chuo cha Taifa cha Sayansi, Utafiti wa Anga na Falsafa. Katika shamba nje kidogo ya Lusaka aliwafunza vijana wake kwa kuwatia ndani ya pipa la mafuta na kulibingirisha mteremkoni. Aliwapandisha pembea ya kamba, na kamba ikifika juu akaikata, ili waonje hali ya kuanguka bila ya uzito. Aliomba Pauni 7,000,000 kutoka UNESCO. Hakupewa. Alinuia kumpeleka binti wa miaka 17, Matha Mwamba, pamoja na paka, hadi sayari ya Mirihi, na hayo aliyatangaza katika mwaka ule ule ambao Zambia ilipata uhuru wake, tarehe 24 Oktoba.

Waandishi wa habari wa kigeni walicheka, na picha za pipa zikazunguka dunia. Viongozi wengi wa nchi yake walijitenga naye. Lakini miongo mingi baadaye watu walianza kuzisoma upya habari zake. Mwandishi wa Kizambia Namwali Serpell, katika makala yake ya mwaka 2017 na katika riwaya yake ya mwaka 2019, alimrejesha Nkoloso mbele ya wasomaji akiwa mtu mwenye tabaka nyingi: huenda alikuwa akiwakejeli wakubwa waliokuwa wakishindania mwezi, huenda mafunzo yale yalikuwa pazia la mafunzo ya ukombozi, na huenda pia aliamini kila neno alilolisema. Nkoloso mwenyewe alifariki mwaka 1989. Pipa lilikuwa lile lile. Waliolitazama ndio waliogawanyika.

Ama katika michezo ya kompyuta, jambo hili lina historia iliyo wazi zaidi. Mwaka 1984 vijana wawili wanafunzi wa Cambridge, David Braben na Ian Bell, walitoa mchezo uitwao Elite. Kabla ya hapo mchezo wa anga ulikuwa wa kupiga na kukimbia: mchezaji alipewa maisha matatu, akahesabiwa alama, na dakika kumi zikitimia ameshakufa. Mchapishaji wa kwanza waliyemwendea Braben na Bell aliukataa mchezo wao kwa sababu haukuwa na mambo hayo. Ndani yake kulikuwa na giza, mistari myeupe iliyochora umbo la chombo, na nyota za kwendea. Mchezaji hakuambiwa ashinde nini. Alikuwa huru kuchuuza, kupigana au kutangatanga.

Kumbukumbu ya kompyuta ya siku zile ilikuwa ndogo mno. Kilobaiti zipatazo 22 ndizo zilizobeba ulimwengu wote wa Elite, galaksi 8 zenye sayari 256 kila moja. Sayari 2,048 zisingeweza kuandikwa moja moja katika nafasi hiyo. Kwa hivyo waundaji waliandika kanuni: namba moja huzaa nyengine, na kutoka namba hizo hutoka jina la sayari, mahali pake, serikali yake na bidhaa zake. Kila mchezaji anapofika, kanuni huizalisha sayari ile ile upya. Mtunzi wa tarbia hatashangaa. Anajua kwamba masharti machache, mistari minne, mizani kumi na sita, vina viwili, yamezaa mashairi yasiyohesabika na hayajaisha kuzaa. Braben na Bell walitaka kanuni yao izae galaksi zaidi ya trilioni 281, na mchapishaji waliyempata hatimaye ndiye aliyewataka wabakize 8, asije mchezaji akaiona mashine nyuma ya pazia. Katika ushauri huo kulikuwa na hekima ambayo vizazi vilivyofuata viliisahau.

Mnamo mwezi wa Agosti mwaka 2016, kampuni ndogo ya Hello Games kutoka Guildford, Uingereza, ilitoa No Man's Sky. Kwa kanuni za aina ile ile, mchezo huo ulikuwa na sayari 18,446,744,073,709,551,616. Mtu akiitazama kila moja kwa sekunde moja tu, atahitaji miaka bilioni 585 kuzimaliza. Mchezaji aliamka peke yake katika sayari asiyoijua, kando ya chombo kibovu, bila ya maelezo mengi. Alikitengeneza, akaruka, akafika kwengine, akatazama, akaondoka. Lengo lililotajwa ni kufika katikati ya galaksi. Na waliofika siku zile za mwanzo walikuta kwamba malipo ya safari ni kuanzishiwa safari nyengine katika galaksi nyengine.

Hapo ndipo hukumu zilipogawanyika. Kundi moja lilisema mchezo ni mtupu: sayari ni nyingi lakini zafanana, na mtu hana la kufanya. Kundi jengine lilisema utupu huo ndio hasa waliokuwa wakiutafuta, kwamba kwa mara ya kwanza walikuwa wameachiwa upweke wao na kutulia. Malalamiko ya kundi la kwanza yalikuwa na haki yake, kwani mkuu wa kampuni, Sean Murray, alikuwa amezungumzia kabla mambo ambayo mchezo ulipotoka hayakuwemo. Mashuhuri zaidi ni kisa cha wachezaji wawili waliokubaliana kukutana siku ya kwanza: walifika sayari moja, wakasimama mahali pamoja kwa wakati mmoja, na hawakuonana. Mamlaka ya Uingereza inayosimamia matangazo ya biashara iliuchunguza mchezo kwa malalamiko ya wanunuzi, na mwezi wa Novemba 2016 ikaamua kwamba matangazo yake hayakuwapotosha watu. Kampuni ilinyamaza, ikafanya kazi. Mwaka 2018 ilitoa toleo lililowawezesha wachezaji kuonana na kusafiri pamoja, na mwaka 2020 mchezo ulitunzwa tuzo ya kimataifa ya mchezo bora unaoendelezwa. Wengi wa waliotukana walirejea. Hata hivyo, wapo miongoni mwa kundi la pili walioona kwamba sayari zilipojazwa watu na kazi, kitu fulani kiliondoka.

Wasomaji wa ushairi wa Kiswahili wanaijua vizuri hali hii. Mwaka 1954 Sheikh Kaluta Amri Abedi alichapisha kitabu chake cha sheria za kutunga mashairi, na kwa miaka ishirini sheria hizo zilikuwa ndiyo mlango. Kisha, mwaka 1974, Euphrase Kezilahabi, mzaliwa wa kisiwa cha Ukerewe, akatoa Kichomi, mashairi yasiyokuwa na vina wala mizani. Waliosema "haya si mashairi" walikuwa wajuzi wa fani yao, na hawakuwa wakisema uongo: walitafuta kile walichokizoea na hawakukikuta. Waliosema "haya ni mashairi" walikitazama kilichokuwapo. Mjadala ule ulikuwa na makali, lakini uliinufaisha lugha, kwa sababu pande zote mbili zilikuwa na kitu cha kulinda na zilikitetea kwa Kiswahili.

Na hapa ndipo panapouma. Katika mji wa Tunduma, kama katika miji mingine ya Afrika Mashariki, vijana hukusanyika kwenye vibanda vya gemu, hulipa kwa dakika, na aghlabu hucheza kandanda ya viwanja vya Ulaya. Anga waikutayo kwenye kioo imeundwa na wengine na ina majina ya wengine. No Man's Sky ulimpa kila mchezaji ruhusa ya kuipa jina sayari aliyoifikia mwanzo, na kwenye kioo likaandikwa kwamba yeye ndiye mgunduzi, ijapokuwa sayari hiyo aghlabu ilikuwa na wanyama na hata wakaazi wake. Ni kisa cha Nott na Wanyiha, kimegeuzwa mchezo. Anayeshika kalamu ndiye anayehesabiwa kuwa amefika mwanzo.

Haikuwa hivyo kwa Waswahili wa zamani walioitazama anga. Waliuita Zuhura na Mirihi, Mshtarii na Zohali, majina waliyoyapokea kupitia bahari. Na kundi la nyota lililoongoza kilimo na misimu wakaliita kwa jina lao wenyewe, Kilimia, wakasema kwamba kikizama kwa jua huzuka kwa mvua, na kikizama kwa mvua huzuka kwa jua. Wakulima na manahodha waliokitazama hawakukidai kiwafanyie lolote. Walijifunza kukisoma kilivyo, na katika kukisoma wakapata msimu wa kulima na msimu wa kutweka.

Kimondo cha Ndolezi bado hakijapata utenzi wake unaojulikana na wote. Kinatajwa katika vitabu vya wapima ardhi, wanakemia na watalii. Mtunzi atakayekwenda kukitazama asitarajie kusaidiwa na ngano, wala na ukoo, wala na shimo la anguko. Atakuta chuma kilichokaa juu ya nguzo ya udongo, na ubavuni mwake alama ya msumeno ulioutafuna kwa saa 10 ili kupata sentimita 10.