Kununua na Kuuza Vinanda vya Zamani vya Umeme: Thamani, Aibu za Kubainishwa na Haki za Warithi



Visiwani kwetu si nadra kukuta kinanda cha umeme cha miaka ya 1980 kimefunikwa shuka juu ya kabati. Pengine kilikuwa cha ami aliyekuwa akipiga katika kikundi cha taarab, au kilikuja na mizigo ya mtumba. Wenye nyumba hukiona ni takataka, na anayekuja kukinunua huenda anajua kwamba kina thamani kubwa. Pengo hilo la ujuzi ndilo linalozaa dhulma, hasa kinanda kikiwa ni mali ya mirathi na miongoni mwa warithi wamo mayatima. Makala hii inaeleza vinanda hivi ni vipi, vinaharibikaje, na yapi ya kuchungwa katika kuviuza na kuvinunua.

HUKUMU YA ALA YENYEWE

Tuanze na suali ambalo wengi watauliza. Jamhuri ya wanazuoni wa madhehebu manne, ikiwemo ya Imam Shafii yenye wafuasi wengi visiwani, wamekataza ala nyingi za muziki, na biashara yake hufuata hukumu hiyo. Wako walioruhusu, kama Ibn Hazm wa Andalusia aliyefariki mwaka 456 Hijria, na katika zama zetu Sheikh Yusuf al-Qaradawi, kwa masharti. Makala hii haitoi fatwa. Kila familia imuulize shekhe wake kabla ya kuuza au kununua. Yanayofuata kuhusu ukweli, aibu na thamani ni adabu za biashara zinazohusu bidhaa yoyote ya umeme iliyotumika.

SINTHESAIZA NI NINI?

Sinthesaiza ni kinanda kinachotengeneza sauti yenyewe kwa njia ya umeme. Mmarekani Robert Moog alianza kuziunda mwaka 1964, zikiwa makabati makubwa yenye waya nyingi. Mwaka 1970 ikatoka Minimoog, ambayo mtu mmoja aliweza kuibeba. Hiyo hutoa noti moja tu kwa wakati mmoja. Mwaka 1978 ikaja Prophet-5 ya kampuni ya Sequential Circuits, yenye noti tano kwa pamoja na uwezo wa kuhifadhi sauti alizozipanga mpigaji.

Wajapani wakafuata: Korg Polysix mwaka 1981, Yamaha DX7 mwaka 1983 na Roland Juno-106 mwaka 1984. DX7 ilitumia utaratibu wa hesabu uliogunduliwa na John Chowning wa Chuo Kikuu cha Stanford, na iliuzwa kwa wingi mno duniani. Mwaka 1983 ndipo pia ulipoanza MIDI, mtindo mmoja wa kuunganisha vinanda vya kampuni mbalimbali kwa waya.

VIPI VINA THAMANI?

Si kila kinanda kikuukuu ni hazina. Vile vya plastiki vyenye spika ndani na midundo ya tayari, vilivyojaa majumbani, kwa kawaida huuzwa kwa bei ndogo. Wala umri peke yake hautoshi. Minimoog asili huuzwa maelfu ya dola kwa sababu zilizotengenezwa si nyingi. DX7, ingawa ilipotoka bei yake ilikuwa dola 1,995, leo hupatikana kwa mamia ya dola tu, kwa kuwa zimejaa.

Jina nalo halitoshi. Minimoog Model D imetengenezwa upya mwaka 2016 na tena mwaka 2022, na Prophet-5 ilirudi mwaka 2020. Zipo pia kampuni nyengine zinazounda vyombo vya kuigiza vile vya zamani kwa bei nafuu. Kwa hiyo tazama kibandiko cha nyuma au chini, andika modeli na namba yake kamili, na ulinganishe na bei ambazo vyombo kama hicho vimeuzwa kweli. Bei anayoitangaza muuzaji ni matumaini yake; bei iliyolipwa ndiyo thamani ya soko.

AIBU ZINAZOJULIKANA

1. Umeme. Vyombo vilivyotengenezwa kwa soko la Japani hutumia volti 100, na vya Marekani volti 120. Umeme wetu ni volti 230. Kukichomeka moja kwa moja ni kukiunguza. Soma kibandiko kwanza, na kama ni cha volti 100 tumia transfoma ya kupunguza umeme.

2. Betri ya ndani. Ndani ya Polysix imo betri ya kuchajika ambayo ikizeeka huvuja, na maji yake yakala njia za shaba kwenye bodi. Chombo kinaweza kuwaka taa zote na huku ndani kinaoza. Ndani ya DX7 imo betri ndogo ya volti 3 iliyotiwa risasi, nayo ikifa, sauti 32 zilizohifadhiwa hupotea. Kabla ya kuibadilisha, hifadhi sauti hizo kwenye katriji au kompyuta.

3. Chipu za sauti. Juno-106 ina sauti sita, kila moja na chipu yake iliyofunikwa kwa utomvu mgumu. Utomvu huo ukizeeka, chipu huanza kukwaruza au kunyamaza. Shikilia vitufe sita kwa pamoja, kisha vipige kimoja kimoja. Ikiwa noti moja imekufa au inapiga kelele, hiyo ni kazi ya fundi na ni gharama.

4. Joto. Vinanda vya zamani visivyo vya kidijitali huhama sauti vikipata moto. Viache viwake nusu saa ndipo uvijaribu.

5. Chumvi na kutu. Hewa ya pwani haina huruma. Angalia skrubu, soketi na sehemu ya chini. Zungusha kila kifundo na ubonyeze kila kitufe.

WAJIBU WA MUUZAJI

Kisa cha Mtume (s.a.w.) kutia mkono ndani ya rundo la chakula sokoni na kukuta unyevu uliofichwa chini kinajulikana na wengi. Kinanda kinachong'aa juu na betri imevuja ndani ni rundo lile lile. Anayejua aibu aitaje kabla ya bei kukatwa, na akiweza amfungulie mnunuzi aone bodi. Kusema “nauza kama kilivyo” hakumsafishi anayeijua aibu na kuificha.

Kama hujui hali ya chombo, sema hujakijaribu. Usiseme “kinafanya kazi” kwa sababu tu taa imewaka. Na wanaouza kwa mnada wa simu wajihadhari na najash, yaani kumweka rafiki apandishe bei hali hana nia ya kununua.

HAKI YA MNUNUZI

Akigundua aibu iliyokuwepo kabla ya kukabidhiwa naye hakuijua, ana hiari ya kukirudisha. Arudi upesi bila ya kuendelea kukitumia. Katika madhehebu ya Shafii wauzianao wanaweza pia kushartiana hiari ya hadi siku tatu. Kwa chombo ambacho maradhi yake hutokeza kikipata moto, sharti hili lina faida kubwa. Kuhusu arbuni, yaani malipo ya kutanguliza yanayopotea mnunuzi akighairi, Mahanbali wameiruhusu na jamhuri wameikataza. Kwa hiyo ulizeni na muandikiane mapema.

KINANDA KIKIWA MIRATHI

Kwanza, kisiondoke nyumbani kabla ya kuorodheshwa pamoja na mali nyengine za marehemu. Madeni na wasia hutangulia, ndipo warithi wagawane. Zanzibar, Kamisheni ya Wakf na Mali ya Amana ndiyo inayoshughulikia mirathi ya Waislamu.

Pili, kithaminiwe na watu wawili wajuzi wasiokuwa wanunuzi wala madalali wao. Piga picha ya mbele, nyuma na kibandiko ili hata jamaa walio mbali waweze kuuliza bei.

Tatu, mrithi anayekitaka akichukue kwa thamani ya soko na ikatwe katika fungu lake, au alipe tofauti. Kusema “hiki kikuukuu nipeni tu” si sawa ikiwa wamo watoto wadogo, kwani mtoto hawezi kusamehe haki yake, wala walii wake hana ruhusa ya kuigawa bure.

Nne, ikiwa shekhe wenu anaona ala haiuzwi, mwambieni wazi kwamba wamo mayatima na muulize vipi fungu lao lihifadhiwe. Msikitupe kimya kimya, wala msimpe mmoja akakiuze kwa siri.

Na kwa mnunuzi anayejua thamani na kuona mjane hajui: kumwambia bei ya kweli kutakupunguzia faida ya siku moja. Mali ya yatima iliyoingia kwako kwa hila ina hesabu ndefu mbele ya Allah (s.w.).

Wallahu a'lam.