Skrini Iliyokataliwa Mara Moja

Mwaka 1986 kampuni ya Buick ya Marekani ilitoa gari aina ya Riviera ambalo katikati ya dashibodi yake, pale madereva walipozoea kukuta redio na swichi za kiyoyozi, palikuwa na skrini ya kugusa. Ilikuwa ya kioo kizito kama cha televisheni za wakati ule, yenye maandishi ya kijani. Aliyetaka baridi kidogo alifungua kwanza ukurasa wa kiyoyozi, kisha akaweka kidole juu ya kisanduku kilichochorwa. Jambo lililokuwa likifanywa kwa kupapasa likageuka la kusoma, na mtu hasomi huku anatazama barabara. Malalamiko yalikuja upesi. Reatta, gari jingine la Buick lililoanza na skrini hiyo mwaka 1988, lilirudishiwa vitufe kufikia toleo la 1990.

Mashabiki wa skrini hukiita kisa hicho utoto wa teknolojia: kioo kilikuwa kizito, kompyuta goigoi, sasa tumeendelea. Ingekuwa hivyo, skrini za leo zingekuwa zimevipita vitufe zamani. Mwaka 2022 jarida la Sweden, Vi Bilägare, lilichukua magari mapya 11 na Volvo V70 ya mwaka 2005 isiyo na skrini ya kugusa, likawapa madereva kazi nne kwa mwendo wa kilomita 110 kwa saa: kuwasha joto la kiti na kupandisha nyuzi za kiyoyozi, kutafuta stesheni fulani ya redio, kufuta hesabu za safari, na kupunguza mwanga wa dashibodi. Volvo kuukuu ilimaliza kwa sekunde 10, ikiwa imekwenda mita 306. Gari la mwisho, MG Marvel R, lilihitaji sekunde 44.6, na barabara iliyopita chini ya magurudumu yake ilikuwa mita 1,372. Sababu ni ile ile ya 1986. Kitufe kina kingo, kina mahali pake, kinabonyea. Kidole kinajua kimefika kabla macho hayajaulizwa. Kioo ni laini kila upande, hata kikiwa cha bei mbaya kiasi gani.

Kwa nini basi skrini ilirudi? Tesla iliweka ya inchi 17 kwenye Model S mwaka 2012, na wenzake wakaona gari lisilo nayo linaonekana la kizamani. Kisha, kuanzia Mei 2018, sheria ya Marekani ikalazimisha magari mapya madogo kuwa na kamera ya nyuma, na kamera inataka mahali pa kuonyeshea picha. Skrini ikishalipiwa, kila swichi unayoihamishia humo ni waya, plastiki na kazi ya mikono iliyookolewa kiwandani. Kwa maoni yangu hapo ndipo penye siri yote. Uzuri wa dashibodi tupu ulikuja baadaye, kama maelezo.

Wapo wanaojibu kwamba ni suala la mazoea tu. Lakini wale madereva wa Sweden walipewa muda wa kuyazoea magari kabla ya kupimwa. Tena mazoea yanahitaji kitu kinachotulia mahali pamoja, ilhali programu mpya inaweza kuhamisha alama usiku mmoja gari likiwa limeegeshwa. Hoja ya kuliamrisha gari kwa sauti ina uzito zaidi, ila mvua ikishuka ghafla hakuna anayetaka kujadiliana na gari kuhusu waipa. Mwaka 2020 mahakama ya Karlsruhe, Ujerumani, ilikubali adhabu ya dereva wa Tesla aliyetoka barabarani akirekebisha kasi ya waipa kwenye skrini: faini ya yuro 200 na mwezi mmoja bila kuendesha.

Tangu Januari 2026, Euro NCAP, taasisi inayopima usalama wa magari Ulaya, inataka indiketa, taa za hatari, honi, waipa na wito wa dharura viwe na swichi za kushikika. Gari lisilo nazo linapoteza alama. Kiyoyozi hakimo kwenye orodha hiyo, na hilo naona ni pengo. Kwa mnunuzi wa Mombasa kuna hesabu nyingine. Kenya inaruhusu kuingizwa nchini gari lililotumika ambalo halijapita miaka minane. Mwaka 2021 Tesla iliyaita karakanani magari yapatayo 135,000 kwa sababu chipu ya kumbukumbu ya skrini ilikuwa ikichoka, na ikichoka inaondoka na picha ya kamera pamoja na namna ya kuondoa ukungu kwenye kioo cha mbele. Umri wake ulikadiriwa kuwa miaka mitano hadi sita, yaani pengine kabla gari halijapanda meli. Ile Volvo ilipopimwa Sweden ilikuwa na miaka 17.