Reli za madirisha: kazi inayosahaulika katika bei ya usafi

Katika ukanda wa Ziwa Tanganyika, kutoka mji wa Rumonge kuelekea kusini hadi Kigwena na Nyanza-Lac, zipo nyumba za kuishi na nyumba za wageni zenye madirisha ya alumini ambayo kioo chake husukumwa pembeni. Dirisha la namna hii hutembea juu ya reli, yaani mfereji mwembamba uliopo sehemu ya chini ya fremu. Kioo ndicho kinachotazamwa na wageni, na ndicho mwenye nyumba na msafishaji wanachokipatania bei. Hata hivyo, kinachokula muda, na kinacholeta ugomvi saa ya malipo, mara nyingi ni ule mfereji.

Sababu ya kwanza ni mahali penyewe. Wakati wa kiangazi, kati ya Juni na Septemba, vumbi la barabara na mchanga wa ufuoni huingia katika kila upenyo. Usiku wadudu hufuata taa za ndani, kwa tabia ileile inayowasaidia wavuvi wa ndagala kukusanya samaki kwa taa, nao hufia katika reli. Mvua zinaporudi, mchanganyiko huo hugeuka tope na kuziba vitundu vidogo vilivyotobolewa upande wa nje wa fremu ili maji yatoke. Vitundu vikiziba, reli hujaa kama bakuli, na maji humwagikia ndani, ukutani au kitandani. Wengi humlaumu fundi aliyeweka dirisha, kumbe dirisha halina kasoro.

Milango ya kuteleza hupata taabu zaidi kwa kuwa reli yake iko sakafuni. Katika nyumba zilizo karibu na maji, hasa baada ya ziwa kupanda na kufurika ufukweni mwaka 2024, mchanga wa reli hizo huwa umeshikamana kiasi kwamba kitambaa pekee hakifui dafu.

Msafishaji mzoefu huanza na kazi kavu. Hutoa mchanga kwa brashi nyembamba, kwa mswaki wa zamani au, panapo umeme, kwa mashine ya kuvuta vumbi. Kumwaga maji juu ya vumbi kabla ya hapo ni kujitengenezea tope la bure. Baada ya hapo pembe hukwanguliwa kwa kijiti cha mti au cha plastiki, kwa maana kisu huchubua rangi ya alumini. Maji kidogo yenye sabuni huachwa dakika chache ili uchafu ulainike, ndipo reli husuguliwa, hupanguswa na kukaushwa. Pale uchafu ulipo mwingi, reli hutangulia na kioo hufuata, kwa sababu matone ya tope hayachagui pa kurukia.

Kuondoa kioo kwenye reli hurahisisha kazi: hunyanyuliwa juu, kisha sehemu ya chini huvutwa ndani. Kazi hiyo yahitaji watu wawili. Katika nyumba nyingi vyuma vya kuzuia wezi havitoi nafasi ya kufanya hivyo, basi reli husafishwa nusu kwa nusu, kioo kikisukumwa huku na huku. Muda huongezeka, na bei haina budi kuufuata.

Suala la sabuni lina uzito wake Rumonge, nchi ya mawese, ambako sabuni ya mche ni rahisi kupatikana. Maji ya Tanganyika yana madini mengi, hasa magnesi. Sabuni ya mafuta ikikutana nayo huacha utando mweupe kwenye kioo na ndani ya reli. Sabuni ya maji ya kuoshea vyombo haina tatizo hilo kwa kiwango hicho, na maji ya mvua yaliyokingwa ndiyo bora kwa kusuuzia. Soda kali wanayotumia watengenezaji wa sabuni isiguse dirisha kamwe, kwani hula alumini. Javeli nayo isichanganywe na siki, maana hutoa gesi ya klorini yenye kudhuru mapafu. Kupaka mafuta ya mawese ili dirisha liteleze vizuri ni kosa jingine: vumbi la wiki moja hunasa humo, na kazi huanza upya.

Kuhusu bei, desturi hutofautiana. Nchini Uingereza, wasafishaji wanaozunguka mitaani kila baada ya wiki kadhaa huosha kioo kwa nje, na reli za ndani kwa kawaida hazimo. Nchini Marekani kampuni nyingi hupangusa reli juu juu ndani ya bei ya dirisha, lakini kuzisugua hutozwa peke yake, kwa kila reli au kwa saa. Mantiki yake iko wazi. Kioo kimepata zana ya kuharakisha kazi tangu mwaka 1936, Ettore Steccone, mhamiaji wa Kiitalia huko Oakland, California, alipobuni kikausho chepesi cha shaba chenye ukingo mmoja wa mpira. Reli bado husafishwa kwa brashi na kidole.

Tuseme nyumba ina madirisha 12. Kioo kikichukua dakika 10 kwa kila dirisha, kazi ni ya saa 2. Reli zilizoachwa miaka mitatu zikichukua dakika 20 kila moja, hizo ni saa 4 nyingine. Aliyepatana kwa kuhesabu vioo tu atakuwa amelipwa theluthi ya siku yake. Kwa msafishaji wa Kigwena anayeitwa mjini, iongezwe nauli, ambayo uhaba wa petroli nchini Burundi umeifanya isitabirike.

Ndiyo maana bei hutajwa baada ya kufungua madirisha mawili au matatu mbele ya mwenye nyumba, likiwamo linaloelekea barabarani au ziwani. Hapo hutenganishwa mambo mawili, kupangusa na kusugua, na faranga za kila moja. Usafi wa kwanza huwa ghali. Wa miezi mitatu baadaye hushuka, kwa kuwa uchafu haujashikamana. Saruji au rangi iliyoziba vitundu tangu ujenzi ni kazi ya fundi, na yafaa isemwe kabla ya ndoo kujazwa.

Makabidhiano hufanywa kwa glasi ya maji. Humiminwa polepole ndani ya reli, na wote wawili hutazama upande wa nje. Maji yakitoka kwenye vitundu, malipo hufanyika. Yakisimama, brashi hurudi kazini.