Jumamosi za Mtaa wa S

Wasimulizi wa Mwamko wa Harlem, yale maua ya fasihi ya Wamarekani Weusi yaliyochanua miaka ya 1920, huanzia New York. Hutaja karamu ya Civic Club ya tarehe 21 Machi 1924, iliyoandaliwa na Charles S. Johnson, mhariri wa jarida la Opportunity, ili kuwakutanisha waandishi vijana Weusi na wachapishaji Wazungu. Karamu hiyo ilifungua milango mingi. Hata hivyo, baadhi ya waandishi hao walikuwa wakinolewa mbali na Harlem, mjini Washington, katika nyumba namba 1461 ya Mtaa wa S. Mwenye nyumba alikuwa mshairi Georgia Douglas Johnson.

Siku ya kukutana humo ilikuwa Jumamosi, usiku. Walifika Jean Toomer, aliyetoa kitabu chake Cane mwaka 1923. Alain Locke, profesa wa falsafa wa Chuo Kikuu cha Howard. Angelina Weld Grimké, Marita Bonner, May Miller na Zora Neale Hurston. Langston Hughes, aliyeishi Washington tangu mwishoni mwa 1924, alikuja kuwakumbuka baadaye katika tawasifu yake: watu waliokusanyika kula keki ya Bi. Johnson, kunywa divai yake na kuzungumza juu ya mashairi, vitabu na tamthilia.

Kwa nini nyumbani kwa mtu? Kwa sababu mji ulikuwa umewafungia. Mwaka 1913 serikali ya Rais Woodrow Wilson iliwatenga wafanyakazi Weusi katika ofisi zake. Julai 1919 magenge ya Wazungu yaliwashambulia Weusi barabarani. Mwaka 1922, jengo la kumkumbuka Abraham Lincoln lilipozinduliwa, wageni Weusi walitengewa viti vyao kando. Katika mji wa namna hiyo, sebule yenye mwenyeji mkarimu ilikuwa mahali adimu ambapo mtu aliweza kusema analowaza na kujibiwa.

Waliojibiwa hawakuwa wenye majina tu. Hughes wakati huo alikuwa akiondoa vyombo mezani hotelini. Hurston alikuwa amejisomesha Howard kwa kazi za mikono. Walikaa pamoja na maprofesa, wakasikiliza kazi zisizokamilika zikisomwa kwa sauti, wakazikosoa. Humo humo, mwaka 1925, Hughes alikutana na kijana msanii Richard Bruce Nugent. Mazungumzo yaliwanogea hata walipotoka wakawa wanasindikizana, huyu akimfikisha mwenzake kwake, kisha wote wawili wakirudi walikotoka. Mwaka uliofuata walikuwa miongoni mwa vijana waliotoa jarida la Fire!!

Mwenyeji mwenyewe hakuwa na maisha mepesi. Mumewe, wakili Henry Lincoln Johnson, aliyeona kwamba mke anapaswa kushughulika na nyumba kuliko mashairi, alifariki mwaka 1925 na kumwachia wana wawili wa kusomesha. Akaingia kazini katika Wizara ya Kazi. Mchana ofisi, usiku kalamu, na Jumamosi wageni. Hakuacha hata kimoja: mkusanyiko wake wa mashairi wa tatu, An Autumn Love Cycle, ulitoka mwaka 1928, baada ya tamthilia yake Plumes kushinda shindano la Opportunity mwaka 1927.

Aliandika pia tamthilia juu ya Weusi waliouawa na magenge bila kufikishwa mahakamani. Katika miaka ya 1930 alizipeleka kwenye mradi wa serikali wa michezo ya kuigiza, nao ukazikataa.

Alifariki mwaka 1966. Nyumba iliposafishwa, karatasi zake nyingi zilitupwa, na kilichosalia kimehifadhiwa Howard. Ndiyo maana jina lake hutajwa haraka, kama la mama mkarimu aliyewapa vijana keki. Huko ni kumpunja. Kuchagua nani aketi na nani, kuwapa wanawake nafasi ya kusoma kazi zao mbele ya wanaume waliokwisha kujulikana, na kurudia hayo juma baada ya juma huku ukiwa mjane mwenye ajira, ni kazi ya fasihi. Anayeandika historia ya Toomer, Hughes au Hurston akairuka nyumba ya Mtaa wa S, ameacha sura nzima ya habari zao.