Simu ya ofisi ina baria kama ile ya Isiolo

Nikiwa atachi kwenye ofisi fulani hapa mjini Isiolo, nilipewa meza, kiti kibovu na simu ya mezani. Siku ya kwanza nikataka kuringa. Nikabonyeza 9 nipate laini ya nje, nikaanza namba ya mathe, yuko Kulamawe. Kabla nimalize, tuu-tuu-tuu. Mkubwa wangu akacheka: "Hiyo yako ni ya ndani tu, kijana." Nilidhani simu ni mbovu. Kumbe ilikuwa inafanya kazi yake sawasawa.

Iko hivi. Mtambo wa simu za ofisi, ule wanaita PABX, una majedwali mawili. La kwanza ni la njia. Linasoma tarakimu zako kutoka kushoto na kuamua simu ipitie wapi. 07 ni rununu, 007 ni Tanzania, 006 ni Uganda, 000 ni ng'ambo kwingine. La pili ni la vizuizi. Kila simu ina daraja lake: ya mlinzi ndani tu, ya karani Kenya nzima, ya bosi dunia nzima.

Hii kitu haikuanza jana. Zamani njia ilichaguliwa na opereta kwa mkono. Inasimuliwa kwamba Almon Strowger, mwenye biashara ya mazishi kule Kansas City, alishuku opereta anawapeleka wateja wake kwa mshindani. Akabuni swichi inayojiendesha, akapata hataza mwaka 1891.

Hapa kwetu, enzi za KPTC, wakubwa walifunga simu za kuzungusha kwa kufuli. Lakini wajanja waligundua siri. Tarakimu ilisafiri kama mikatiko ya umeme, kwa hivyo ukigonga kile kitufe cha kukatia mara tano haraka, umepiga 5. Kufuli ilifunga kidole, haikufunga laini. Jedwali ndilo lililomaliza huo ujanja, kwa sababu linaangalia namba yenyewe.

Sasa mtu wa Isiolo akisikia hayo, anakumbuka nini? Baria, si ndiyo! Wakoloni walileta sheria ya wilaya za pembezoni mwaka 1902, na kaskazini ikawa eneo lililofungwa, huendi bila kibali. Uhuru ukaja, na Desemba 1963 hali ya hatari ikatangazwa. Sheria zake zilidumu mpaka 1991. Barabara ilikuwepo, magari yalikuwepo, lakini daraja lako lilisema hupiti. Ndiyo majedwali mawili hayo: kuwa na njia si kuwa na ruhusa.

Tofauti ni kwamba baria unaiona, na kufuli unaiona. Jedwali huwezi kuliona. Unasikia tuu-tuu tu, unajilaumu.

Na linaweza kuua. Mwaka 2013, kwenye hoteli moja Texas, Kari Hunt alishambuliwa na mumewe. Binti yake wa miaka 9 alipiga 911 mara nne. Haikupita, kwa sababu simu ya chumba ilitaka 9 kwanza. Mama akafariki. Mwaka 2018 Marekani ikapitisha sheria yenye jina lake: mitambo mipya lazima iruhusu 911 moja kwa moja.

Sisi tuna 999 na 112. Fikiria mtambo ambao 9 ni ya kutoka nje. Usipopangwa vizuri, unameza 9 ya kwanza, zinabaki 99 tu, simu haifiki popote.

Mimi sipingi vizuizi. Bili ni bili, na atachi kama mimi tungeimaliza ofisi. Lakini kuna namba ambazo hazifai kuulizwa kibali, hata zikitoka kwa simu ya mlinzi usiku wa manane. Kesho ukifika kazini, usizijaribu kwa kupiga, utasumbua polisi bure. Mwulize mtu wa IT akuonyeshe jedwali. Akikuambia halijui, hapo ndipo uogope.