Historia ya Mtaro wa Mawe

Leo hatutazungumza habari za wafalme wala za vita. Tutazungumza habari za shimo refu lililojazwa mawe na kufukiwa. Pengine utacheka na kusema, "Shimo nalo lina historia?" Linayo, tena ya zaidi ya miaka elfu mbili, na mwisho wake unafika penye ukuta wa nyumba yako.

Wewe ukaaye Singida wazijua mvua zetu. Huanza mwezi wa Novemba au Desemba na kwisha mwezi wa Aprili. Kwa mwaka mzima twapata milimita 500 mpaka 800 hivi, basi. Kwa sababu hiyo wengi husema kwamba nchi yetu ni kavu, haina haja ya mitaro. Lakini mvua yetu haiji kidogo kidogo. Huja kwa kishindo, juu ya ardhi iliyokauka ikawa ngumu kama sakafu. Penye udongo mweusi wa mbuga, maji hukaa juu siku nyingi. Penye mchanga, huzama upesi, yakakuta mwamba chini, kisha yakatembea kimya kimya mpaka mahali pa kutokea. Aghalabu mahali hapo ni chini ya msingi wa nyumba.

Ukuta wa matofali mabichi una nguvu maadamu ni mkavu. Ukilowa miguuni hurudi kuwa udongo kama ulivyokuwa kwanza. Basi ukiona ukuta umeanguka usiku wa mvua, usiilaumu mvua ya usiku ule tu. Yafaa uulize maji yamekaa pale chini kwa majuma mangapi.

Kabla ya kuendelea nataka kuungama kosa langu. Nilipoanza kazi nilipata nyumba ambayo uwanja wake ulijaa maji kila mvua iliponyesha. Mimi, kijana mwenye diploma, nikashika sururu na chepeo, nikachimba mtaro kutoka mlangoni mpaka nje ya ua. Siku tatu tu, uwanja ukakauka. Nikajisifu. Baada ya majuma mawili nikasikia hodi. Alikuwa bibi mmoja mzee, jirani yangu wa upande wa chini. Hakugomba. Alisema, "Mwanangu, njoo uyatazame maji yako." Nikamfuata. Ukuta wa jiko lake ulikuwa umepasuka na kuinama, na maji yangu yalikuwa yamesimama pale chini yake. Sikuwa nimeondoa taabu, nilikuwa nimeihamisha tu kutoka kwangu kwenda kwake. Likizo yangu ya mwaka ule niliitumia kufyatua matofali ya jiko la bibi yule, na jioni nikawa nasoma habari za watu waliochimba mitaro kabla yangu. Niliyoyapata ndiyo haya ninayokuletea.

Tuanze nyumbani. Wazee wetu wa nchi hizi za kati, Wanyaturu na Wagogo na wengineo, walijenga tembe: nyumba ndefu, fupi kwa kimo, yenye paa bapa la miti na udongo. Fikiri jambo hili. Mtu ambaye paa lake ni udongo na ukuta wake ni udongo hawezi kufanya mchezo na maji. Mtaro wake wa kwanza ulikuwa ni kuchagua mahali pa kujenga. Aliyejenga bondeni alirudia kazi mwaka uliofuata. Aliyejenga penye mwinuko alikaa. Hata kaskazini mwa nchi yetu, huko Engaruka, watu wa zamani walijenga mifereji ya mawe ya kupeleka maji mashambani, karne kadhaa kabla ya Wazungu kufika. Hawakuwa na pimamaji la dukani, lakini mteremko waliujua.

Sasa twende mbali, kwa Warumi. Bwana mmoja jina lake Cato, aliyekufa mwaka 149 kabla ya Kristo, aliandika kitabu cha kilimo. Humo alieleza kwamba shamba lenye maji lichimbiwe mitaro, na chini yake patandikwe mawe. Na asiye na mawe atumie miti na matita ya fito. Zaidi ya miaka mia mbili baadaye mwenzake, Columella, akaeleza mitaro ya namna mbili: ya wazi na ya kufukiwa. Ule wa kufukiwa uchimbwe futi 3 kwenda chini, ujazwe mawe madogo au kokoto mpaka nusu, kisha udongo urudishwe juu. Maji huteremka, hukuta nafasi baina ya mawe, huenda zake. Na juu mtu hupita au hulima kama kawaida. Jambo lenyewe ndilo hilo, na mpaka leo halijabadilika.

Lakini mafundi wa siku hizi huuita mtaro huu "French drain", na wengi hutafsiri "mtaro wa Kifaransa", wakidhani umetoka Ufaransa. Sivyo. French lilikuwa jina la mtu. Henry Flagg French alikuwa hakimu wa Marekani, mzaliwa wa mwaka 1813, aliyependa kilimo. Mwaka 1859 alitoa kitabu juu ya kukausha mashamba. Hakudai kwamba yeye ndiye mwanzilishi. Katika kitabu chake mwenyewe alisimulia habari za Warumi na za wakulima wa Uingereza, ambao wakati huo walikuwa wakitumia vigae na mabomba ya udongo wa kuchoma. Jina likamshika yeye kwa sababu aliandika vizuri, na watu wakamsoma. Mwanawe, Daniel Chester French, ndiye aliyetengeneza sanamu ile kubwa ya Rais Lincoln aliyeketi kitini, iliyozinduliwa Washington mwaka 1922.

Hapo pana fundisho kwetu. Ujuzi ulioandikwa hupata jina na kusafiri. Ujuzi usioandikwa hufa pamoja na mzee, au hupotea watu wanapohama. Na sisi tulihama. Mwezi wa Novemba mwaka 1973 Mwalimu Nyerere alitangaza kwamba ifikapo mwisho wa mwaka 1976 kila mtu wa mashambani awe anaishi kijijini. Watu waliacha miinuko waliyoijua, wakaenda kwenye viwanja vilivyopangwa kwa mistari. Kijiji kilileta shule na zahanati karibu, lakini mstari ulionyooka hauulizi maji hupita wapi. Leo miji yetu inapokua ni vivyo hivyo: mtu hujenga alipopata kiwanja, si alipopapenda. Kwa hiyo ujuzi wa kuchagua mahali hautoshi tena. Lazima tujue na ujuzi wa kuyaongoza maji.

Wala si mara ya kwanza redio kusema nawe mambo haya. Mwaka huo huo wa 1973 watu kama milioni mbili walikusanyika katika vikundi kusikiliza masomo ya "Mtu ni Afya". Walisikiliza, wakajadiliana, kisha wakatoka nje na majembe: wakachimba vyoo, wakafukia madimbwi. Walijifunza kwamba dimbwi likikaa juma moja au mawili tu hutosha kulea mbu wa malaria. Basi mtaro haulindi ukuta peke yake. Unamlinda na mtoto alalaye ndani.

Sasa kazi yenyewe. Kwanza, mvua inyeshapo toka nje utazame maji yanatoka wapi na yanataka kwenda wapi. Pili, tafuta mwisho kabla ya mwanzo: mahali pa chini ambapo maji yatamwagika bila kumdhuru mtu, kama vile migomba yako au korongo. Shimo la kunyonya maji lafaa penye mchanga. Penye udongo wa mbuga litajaa tu na kusimama. Tatu, chimba mtaro upande wa juu wa nyumba, maji yanakotokea, hatua mbili tatu mbali na ukuta, upana wa futi 1 na kina cha futi 2. Sakafu yake iteremke inchi 1 katika kila futi 8. Pima kwa kamba na pimamaji, usikisie kwa macho. Nne, weka mawe makubwa chini na kokoto juu. Mwenye fedha aweke bomba lenye matundu, matundu yakitazama chini. Mawe Singida hayanunuliwi mbali, Mungu ametujazia. Tano, tandika kitambaa kinachopitisha maji na kuzuia udongo, maana udongo ukiingia baina ya mawe, mtaro umekufa. Na penye udongo mzito usifukie kwa udongo ule ule. Acha kokoto zifike juu.

Neno la mwisho. Cato, Columella na Bwana French walieleza vema namna ya kuyatoa maji shambani mwako. Bibi yule alinifundisha kuuliza yanaingia kwa nani. Maji hayafi, huonyeshwa njia tu. Kabla hujapiga jembe la kwanza, nenda upande wa chini, piga hodi, useme na jirani yako. Pengine mtachimba mtaro mmoja wa nyumba mbili, nusu ya kazi kwa kila mmoja.

Maswali ya kujadili katika kikundi:

1. Mvua inaponyesha, maji ya uwanja wako huishia wapi, na ni nani akaaye huko?

2. Ni mzee gani kijijini kwenu ajuaye maji yalikopita zamani? Mwulizeni, na mmoja wenu aandike.

3. Kwa nini ukuta huanguka hata siku isiyo na mvua?