Studio Nyekundu ya Matisse: Mchoro Uliokosa Mnunuzi

Mwaka 1911, huko Issy-les-Moulineaux nje kidogo ya Paris, Henri Matisse alichora chumba alichofanyia kazi. Turubai lilikuwa na upana wa zaidi ya mita 2. Sakafu aliipaka waridi, kuta buluu, na samani manjano ya udongo. Kisha, kazi ikiwa imefika mbali, akaifunika karibu yote kwa rangi moja nyekundu iliyokolea.

Isogelee uone alivyofanya. Mistari myembamba inayoonyesha meza, kiti na kabati haikuchorwa juu ya wekundu. Ni upenyo alioacha brashi ilipopita, na rangi za mwanzo zikabaki zikichungulia. Saa ndefu iliyosimama katikati haina mishale. Vilivyosalimika na rangi zao ni kazi zake mwenyewe: michoro ukutani, sanamu juu ya vigoda, sahani aliyoinakshi.

Sergei Shchukin, mfanyabiashara wa vitambaa wa Moscow, alikuwa mteja wake mkubwa, na alikwisha kununua mchoro mwingine wa studio hiyohiyo, wenye rangi ya waridi. Mapema 1912 Matisse alimpelekea nakala ndogo ya rangi za maji. Shchukin akakataa kwa adabu: sasa alipendelea michoro yenye watu. Naona hapo jicho lake, lililokuwa kali kuliko la wanunuzi wengi wa zama zake, lilimsaliti. Alitafuta watu chumbani, wakati Matisse alikuwa ameifanya rangi yenyewe kuwa ndiyo habari.

Mchoro ukapelekwa London mwaka 1912, kisha New York na Chicago mwaka 1913. Chicago wanafunzi wa sanaa walichoma moto nakala za michoro mingine ya Matisse kwa hasira. Studio ikarudi Ufaransa bila kununuliwa.

Mnunuzi alipatikana 1927: David Tennant, Mwingereza aliyeutundika katika klabu yake ya usiku, Gargoyle, mtaa wa Soho, London. Watu walikula na kucheza dansi mbele yake kwa miaka.

Mwaka 1949 ulinunuliwa na Makumbusho ya Sanaa ya Kisasa ya New York. Mchoraji Mark Rothko akawa anakwenda kuutazama kwa saa nyingi. Matisse alifariki Novemba 1954. Mwaka huohuo Rothko alichora turubai la rangi tupu, akalipa jina la kumuenzi.